Picha ya Rangi ya Bibi Yako

Bariadi, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Skola,

Mambo ya sweta, ya mahali pa kuficha nauli na ya kutokula vya watu ndani ya basi, mama yako ameyasema tangu Jumapili, na mimi sitayarudia. Nimejifungia studio ili wateja wadhani nimetoka. Mwanga wa dirishani bado unatosha kuandikia.

Wewe sasa hivi uko kwa kina Masalu, unaagana na binti yao Kabula. Nimewasikia mkicheka mlipokuwa mnavuka barabara, na kicheko chenu ndicho kilichonikalisha hapa.

Siku uliyokuja na habari kwamba gazeti la Mwanza limekuchukua ukajifunze kupiga picha, uliniuliza, "Baba, mbona uliacha kupiga picha za mtaani? Zile za zamani ni nzuri kuliko hizi za pasipoti." Nikakujibu kwamba watu hawazilipii. Mama yako akainuka akaenda kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa hadi juu. Wewe hukuona. Utajifunza kuona vitu kama hivyo, au hutajifunza, maana mimi nimeshika kamera maisha yangu yote na vilivyonipita ni vingi.

Unajua kwamba bibi yako, ambaye umepewa jina lake, alirudi kwao Kasulu akafia huko. Tulikwambia alitaka kurudi. Neno hilo lina ukweli kidogo sana ndani yake, na sitaki uondoke nalo.

Babu yako na bibi yako walitoka Kasulu wakiwa wameoana juzi tu, wakaja kutafuta kazi kiwanda cha kuchambua pamba. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na safu ya vyumba vya wafanyakazi. Humo ungekuta Muha, akifuatiwa na Mnyaturu, Mrundi, Mkurya, na mwisho wa safu Mzee Salehe, ambaye baba yake alikuja kutoka Uarabuni akiuza vitambaa kijiji hadi kijiji. Sisi watoto wa pale tuliongea Kisukuma kwa sababu ndiyo lugha tuliyoikosea wote sawasawa. Hata Wasukuma wa mjini wengi walikuwa wamekuja, huyu kutoka Nassa, yule kutoka Lalago, wakifuata pamba na mnada wa ng'ombe. Masalu mwenyewe ni wa Lalago.

Babu yako alifariki nikiwa bado sijaanza shule. Bibi yako akabaki, akawapikia uji na maharage wapakiaji wa marobota. Kuni zilikuwa shida kama ilivyo leo, akapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake unauma. Tangu nimeanza kumjua, macho yake yalikuwa mekundu kidogo na alikuwa akiyafuta kwa pindo la kanga. Hakuna aliyewahi kusema neno kuhusu macho hayo. Walikuwa wakimpa bakuli, wakimsalimu "Mwangaluka, mayu," naye anawajibu na kuwajazia.

Mimi nilijifunza picha kwa fundi mmoja Shinyanga, nikaja kufungua studio hii. Kazi ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nilikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria, koti moja la heshima, na redio isiyo na kitu ndani. Kila aliyeingia alivaa koti lile na kukumbatia redio ile. Siku moja bibi yako alisimama mbele ya dirisha akaziangalia picha zote, kisha akaniita nje.

"Gaspari, watu wote hawa wamevaa koti moja."

"Ndilo wanalolitaka, mama."

"Na mimi nikifa utabaki na picha yangu nimevaa koti la nani?"

Nilicheka. Lakini swali lile halikunitoka.

Halafu vitu vikaanza kurudi madukani. Hukumbuki, ila kuna wakati sabuni ilipangiwa foleni, na mkanda wa kamera niliupata kwa kujuana na mtu. Mara ikawa ruksa. Mitumba ikajaa mnadani, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, na kule Mwanza wakafungua mashine za kusafisha picha za rangi. Nikauza ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa wa mama yako, nikanunua kamera ndogo yenye flashi ndani yake. Juu ya mlango nikapigilia ubao niliouandika kwa mkono wangu: PICHA ZA RANGI. KILICHOPO NDICHO KINACHOTOKA. Niliona fahari na maneno yale. Mteja akisita, namwonyesha ubao.

Miaka ile miwili ndiyo niliyokuwa mpiga picha. Nilikuwa nafunga studio saa za jua zuri na kuingia mitaani. Nilimpiga Mzee Salehe amelala juu ya jora la kitambaa, mdomo wazi. Niliwapiga wanawake barazani wakitenga pamba safi na fifi, ile chafu, na vijana wa mnadani wamevaa makoti ya baridi ya Ulaya katikati ya jua la mchana, kwa sababu koti ndilo lilikuwa limefika wiki hiyo. Watu walinishangaa.

"Gaspari, sijaoga mie!" aliniambia muuza dagaa.

"Wala samaki wako hawajaoga."

Akacheka, nami nikabonyeza. Picha ile ilikaa ukutani kwake hadi alipohama. Nadhani watu walikuwa wanaanza kupenda kuonekana jinsi walivyo, na mimi nilijiona kama mtu anayewapa kitu. Usijiamini sana siku utakapojisikia hivyo.

Ya bibi yako niliipiga jikoni kwake kabla jua halijatoka, uji ukichemka. Wewe ulikuwa umemshika kanga na ulimwuliza kama uji unaumia ukipigwa mwiko. Alicheka kwa kichwa chote. Giza lilikuwa bado, flashi ikawaka yenyewe. Mkanda nikautuma Mwanza kwa basi, na uliporudi nilijua papo hapo kwamba sitapiga picha nzuri kuliko ile. Moshi ulikuwa umemzunguka, mwiko hewani, meno yake yote yanaonekana. Na macho yalikuwa mekundu, ya kuwaka, kama mtu ameweka makaa mawili.

Nililiona hilo, Skola. Usije ukadhani sikuliona. Nilikuwa nimeyaona macho ya aina hiyo kwenye picha za usiku za harusi, na fundi wa mashine ya Mwanza aliniambia ni flashi tu, inaingia kwenye jicho na kurudi. Kwa hiyo nikaona ni kasoro ndogo kwenye picha kubwa. Nikaagiza nakala yake kubwa, nikaibandika dirishani, katikati. Mama yako alinisihi niitoe. Yeye ni Msukuma, anajua kwao mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa nani. Nilimjibu kwamba dunia imebadilika. Ndivyo nilivyomwambia, nikiwa nimesimama chini ya ubao wangu.

Msimu huo surua ilipita hapa. Masalu alizika mtoto wa kiume, mdogo wake Kabula. Juma lililofuata nilimkuta amesimama dirishani, ameweka kiganja kwenye kioo.

"Gaspari. Picha hii umeipaka rangi?"

"Sijapaka."

"Hukugusa kitu?"

"Sikugusa. Kamera haina namna ya kuongeza."

Akainua macho akasoma ubao, polepole, maana kusoma alijifunza ukubwani. Akaondoka bila kuaga. Mimi nikaingia ndani nikaendelea na kazi. Alikuwa mtu aliyetoka kuzika, aliyekuja kuniuliza swali moja, na mimi nikamjibu kama mfanyabiashara. Ningeweza kutoka nje, nikamshika mkono, nikamweleza habari ya flashi na moshi. Ingechukua muda wa kunywa chai.

Wateja wa uji walipungua, kisha wakaisha. Bibi yako alisalimia njiani, akajibiwa na wachache, kisha akawa hajibiwi. Neno nogi, yaani mchawi, halikutamkwa mbele yetu hata mara moja. Nilitoa picha dirishani, na kuitoa kukawa kosa jingine, maana wakasema nimeificha.

Nikamwomba mwenyekiti wa mtaa aite watu tuongee. Nilikwenda na bahasha ya picha za harusi na ngoma, zote zilizopigwa gizani, nikazimwaga juu ya meza.

"Huyu hapa ni mwalimu wa kwaya. Angalieni macho. Huyu hapa ni wewe mwenyekiti. Na huyu ni Masalu, siku ya ngoma ya mdogo wake. Mekundu yote."

Wakazipokezana. Wakacheka, Skola. Mwenyekiti alishika yake akasema, "Flashi hii! Imenifanya fisi." Hata Masalu alitabasamu. Nikajua nimeshinda. Ndipo nikaiweka ya mama yangu kando ya zile.

Hiyo hakuna aliyeipokea.

"Nayo ni flashi," nikasema.

"Hapana," Masalu akajibu bila ukali. "Hayo ni macho."

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akajaribu kunisaidia, kwa jinsi alivyoona yeye. "Gaspari, hatugombani na wewe. Lakini mwalimu tunajua ni ng'wana nani. Masalu tunajua babu yake kazikwa wapi. Mama yako ni ng'wana nani? Baba yake anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo nikakuta sijui. Nilikuwa nimepiga picha mji mzima na sikuwahi kumwuliza mama yangu jina la baba yake. Nikageuka kwa Mzee Salehe, tuliyeishi naye safu moja, aliyekula uji wa mama yangu tangu sijaanza shule. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Waha wawili waliokuwa wamesimama nyuma walitoka nje mmoja mmoja. Siku ile niliwaelewa. Waliogopa kwamba swali likimalizana na mimi litawafikia wao. Naendelea kuwaelewa mpaka leo, na sijawasamehe.

Jumapili iliyofuata, bibi yako akiwa kanisani, jiko lake liliungua. Hakuna aliyeona aliyewasha, ingawa zilikuwa saa za watu kupita. Alirudi akalikuta majivu, akatafuta mwiko wake, akaupata umebaki mpini. Jioni aliniambia, "Nipeleke kwetu kabla hawajaja mimi nikiwa ndani."

Mama yako alilia, akasema ahamie kwetu, tutalala naye chumba kimoja. Bibi alikataa kwa ajili yako. Hakutaka siku moja mawe yarushwe kwenye nyumba uliyolala wewe. Tulikwambia bibi anakwenda kuona ndugu zake, nawe ukampa kitambaa chako cha shule apangusie macho.

Tulikwenda kwa basi hadi Shinyanga, tukapanda treni. Njia nzima alikuwa akinieleza mambo ambayo hakuwahi kuyaeleza, kama mtu anayekabidhi ofisi. Baba yake aliitwa Bigirimana, alikuwa na mizinga ya nyuki, alizikwa ng'ambo ya kijito. Nililipata jina lile ndani ya treni, mahali ambapo halikuwa na kazi tena.

Kijijini kwao kaka yake alikuwa ameshafariki. Watoto wa kaka walitupokea vizuri, wakatuletea viti. Lakini bibi yako alipofungua mdomo kusema Kiha, yalitoka maneno nusu yake Kisukuma. Walitazamana. Mke wa mmoja wao, akidhani sisikii, aliuliza, "Huyu Msukuma atakaa hadi lini?"

Nilimsikia. Bibi yako pia alimsikia. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu picha ile itoke nikaona ameogopa.

Walimpa kibanda kizuri tu, siwezi kuwasingizia. Siku ya kuondoka wakaomba niwapige picha ya ukoo, maana walikuwa hawajawahi kupigwa. Nikawapanga mbele ya nyumba, watu wazima nyuma, watoto chini. Bibi yako nilimweka katikati. Nilipoinua kamera akajitoa taratibu, akaenda kusimama pembeni, akageuza mgongo, akawa kama anaangalia migomba. Sikumwita. Nilibonyeza. Picha hiyo ninayo: watu ambao siwajui majina, na ukingoni mgongo wa mama yangu.

Ningeweza kukaa naye mwezi mzima. Lakini msimu wa pamba ulikuwa unafunguliwa, wanunuzi walikuwa wanaingia, watu wangekuwa na pesa za picha. Nikarudi. Nilijiahidi kwenda baada ya msimu, kisha baada ya mvua. Habari za msiba zilinifikia ameshazikwa muda mrefu. Nilikwenda mara moja tu kuona kaburi. Wamemzika vizuri, upande wa wageni wa ukoo.

Jambo la mwisho ndilo linalonichoma kuliko moto wa jiko. Kama mwaka mmoja hivi baada ya hapo, Masalu aliingia studio. Alitaka picha ya leseni. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Gaspari, utanipiga?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa siku hiyo. Nilikuwa nayasema peke yangu chumba cha giza. Nikamwambia, "Kaa pale kwenye mwanga."

Nilimtoa nje, uani, kwenye kivuli chepesi, bila flashi. Nikamwambia ainue kidevu. Nikamrekebishia kola kwa mkono huu. Nilimpiga picha nzuri sana, macho meupe, mtu wa kuaminika. Alipokuja kuichukua aliiangalia muda mrefu, kisha akanishukuru, "Wabeja, ndugu yangu," na akaanza kusema jambo jingine, akashindwa, akatoka. Sijui angesema nini. Labda angeomba radhi. Labda angeniuliza habari ya mtoto wake, kama nilikuwa na picha yake yoyote. Sikuwa nayo. Katika picha zangu zote za mtaani, mtoto yule hakuwemo hata moja.

Tangu hapo ni pasipoti tu. Mchana, uani, mtu mmoja mmoja, anatazama mbele.

Sikukataza urafiki wako na Kabula. Mlikuwa wadogo, mlikuwa mnaruka kamba pamoja, na mama yako alisema mtoto asibebeshwe. Sasa nimekubebesha, na unaondoka asubuhi. Hutapata nafasi ya kurudi kwao leo na uso tofauti, na hilo nimelikusudia. Ukimwandikia Kabula kutoka Mwanza, mwandikie unavyoona wewe. Yeye naye alizika ndugu mwaka ule.

Kuhusu kazi nina neno moja. Gazetini utapiga picha na mwingine ataandika maneno ya chini yake. Utaudhika, utasema nilichopiga sicho walichoandika. Mimi sikuwa na gazeti, na bado kila aliyesimama dirishani kwangu aliandika maneno yake. Niliyempiga hakuwa na mtu wa kumwandikia mazuri. Kwa hiyo ukimwona mtu unayetaka kumpiga, mwulize jina lake na la baba yake, hata kama mhariri hana haja nalo. Andika. Inawezekana lisimsaidie. La bibi yako sijui kama lingemsaidia. Ila mimi nisingesimama pale mdomo wazi.

Picha ya jikoni sikuichoma. Iko kwa mama yako, mwulize akikuamini. Katika picha ile mkono mdogo ulioshika kanga pembeni ni wako.

Utataka kujua kwa nini hatukuhama. Mama yako aliniuliza hivyo hivyo, na alikuwa tayari, vyombo ameshafunga. Nilimjibu biashara. Yeye alikubali kwa sababu alikuwa amechoka. Ukweli ni kwamba nilikaa nikafikiria miji yote niliyowahi kupita, na sikuona hata mmoja ambao ningetembea asubuhi na mtu akaniita kwa jina langu. Hapa wananiita. Masalu naye ananiita, kila siku, kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi naitika. Ni kitu kidogo sana cha kubakizia mtu mahali, Skola, na ndicho nilichonacho. Nenda ukatafute kikubwa kuliko hiki.

Baba yako,
Gaspari